Chujio Kwanza, Samaki Baadaye

Anayenunua tangi lake la kwanza la samaki huanza na kioo, halafu samaki wenye rangi, halafu mapambo. Chujio huja mwisho, mara nyingi likiwa limefungwa ndani ya boksi moja na tangi, na muuzaji akiulizwa kazi yake hujibu kwa mkato kwamba linasafisha maji. Mnunuzi anaridhika. Chujio la jikoni analijua: machicha ya nazi yanabaki juu, tui linapita. Basi anaamini kwamba maji yakiwa maangavu, kazi imekwisha. Imani hiyo ndiyo inayoua samaki wengi katika wiki za mwanzo, tena ndani ya maji yanayong'aa.

Sumu inayowaua haionekani. Samaki hupumua kwa matamvua, na kwa matamvua hayo hayo hutoa amonia, usiku na mchana, hata asipokula. Kinyesi na chakula kilichobaki huoza na kuongeza amonia nyingine. Katika Ziwa Tanganyika, lenye takriban kilomita za ujazo 18,900 za maji, amonia ya samaki mmoja hupotea bila kuacha alama. Ndani ya lita 60 sebuleni haina pa kwenda. Haina rangi, na katika kiwango kinachotosha kumuumiza samaki, pua ya binadamu haiinusi. Inababua matamvua. Samaki anapanda juu ya maji kutafuta hewa, mapezi yanakunjamana, na asubuhi moja anakutwa anaelea. Mwenye tangi anatazama maji, anayaona safi, anahitimisha kwamba aliuziwa samaki mgonjwa. Anarudi dukani kununua mwingine, naye anakufa vilevile.

Kinachowaokoa samaki mtoni na ziwani ni bakteria. Karibu na mwaka 1890, mwanasayansi Sergei Winogradsky, akiwa Zurich, alionyesha kwamba wapo bakteria wanaoishi kwa kuichanganya amonia na oksijeni na kupata nguvu kutokana na kazi hiyo, na kwamba kazi yenyewe huenda kwa hatua mbili. Kwanza amonia hugeuzwa kuwa nitriti. Kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki, ikaifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa na rangi ya kahawia, na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Nitrati ni nafuu kubwa. Samaki wengi huivumilia kwa kiasi, mimea huila, na inayobaki huondoka unapobadilisha sehemu ya maji.

Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji viliwataja bakteria wa hatua ya pili kwa jina la Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichunguza matangi ya samaki wa maji yasiyo na chumvi wakakuta kazi hiyo inafanywa na jamii nyingine, Nitrospira. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba wamo Nitrospira wanaoweza kumaliza hatua zote mbili peke yao, na kundi mojawapo liliwapata katika chujio la mfumo wa kufugia samaki. Nayataja haya kwa sababu yanampa heshima mtu anayehangaika na tangi dogo nyumbani. Kilichomo ndani ya sponji yake bado ni elimu hai, na wataalamu wanaendelea kujifunza kutokana nacho.

Jambo la kushika ni hili: bakteria hao hawaishi kwa wingi ndani ya maji. Hujigandisha juu ya vitu, kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye majani, na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao bila kukoma. Chujio zuri basi ni mahali penye eneo kubwa la kujigandisha na mkondo wa kudumu. Sponji moja yenye ukubwa wa ngumi, kwa vile imejaa vitundu, ina eneo kubwa kuliko sakafu nzima ya tangi. Kuzuia uchafu unaoonekana ni kazi yake ya pili.

Ukilielewa hilo, uchaguzi wa chujio unakuwa mwepesi, na bei haikutishi tena. Yapo machujio ya mota yanayozama ndani ya tangi, yapo yanayoning'inia nyuma ya kioo, yapo makopo makubwa yanayokaa chini ya meza na kuunganishwa kwa mipira. Yote yanafanya kazi. Lakini kwa tangi la kwanza, hasa katika nyumba ambayo umeme hukatika, msimamo wangu ni mmoja: chukua chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi kuliko yote, na watu wenye mamia ya matangi ya kuzalishia samaki hulitumia kila siku.

Namna linavyofanya kazi inapendeza kuitazama. Pampu iliyo nje ya tangi inasukuma hewa kwa mpira mwembamba hadi chini ya bomba lililozungukwa na sponji. Mapovu yanapanda ndani ya bomba na kupandisha maji pamoja nayo. Maji mengine yanavutwa kupitia sponji kujaza nafasi. Hakuna mota ndani ya maji wala pangaboi la kumvuta samaki mchanga. Mapovu yanapofika juu yanautikisa uso wa maji, na hapo ndipo oksijeni inapoingia na kaboni dioksaidi inapotoka.

Umeme ukikatika, tofauti ya machujio inajitokeza. Ndani ya kopo lililofungwa, bakteria wanaendelea kupumua hadi oksijeni iliyobaki iishe, na hilo huchukua saa chache tu. Wanaanza kufa, uchafu unaoza bila hewa, na umeme ukirudi mota inayasukuma maji hayo mabovu moja kwa moja kwa samaki. Baadhi ya machujio ya kuning'inia nyuma ya kioo hupoteza maji yake umeme unapokatika, kisha ukirudi mota inazunguka kavu. Sponji iko wazi ndani ya tangi. Inaendelea kupata oksijeni ya tangi zima, ingawa kidogo. Zaidi ya hapo, zipo pampu ndogo za hewa zinazotumia betri. Unachomoa mpira kwenye pampu ya umeme, unauchomeka kwenye ya betri, na chujio linaendelea. Mwenye kopo la bei kubwa hana njia rahisi kama hiyo.

Kulifunga si kazi ngumu, lakini mambo madogo hapa yana uzito. Loweka sponji kwenye beseni la maji na kuikamua mara kadhaa mpaka iache kutoa mapovu, la sivyo itaelea. Isimamishe sakafuni mwa tangi, mdomo wa bomba ukiwa karibu na uso wa maji. Kama una hita, iweke mahali ambapo mkondo wa chujio unapita, ili joto lisambae. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji, juu ya rafu au kuning'inia ukutani. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mpira, yakaua pampu na kumwagika hadi kwenye soketi. Kama huna pa kuiweka juu, funga kwenye mpira ile vali ndogo inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Bei yake ni ndogo na usiikose. Waya wa umeme uuache ulegee na kushuka chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuifikia, ili tone la maji likiteleza juu ya waya lidondoke sakafuni. Na kila unapoingiza mkono kwenye maji, hita na pampu ziwe zimechomolewa.

Ikiwa umeshanunua chujio la mota, soma kiasi cha lita linachosukuma kwa saa. Kipimo cha kawaida ni mara nne hadi tano ya ujazo wa tangi, yaani lita 240 hadi 300 kwa tangi la lita 60. Takwimu ya kwenye boksi hupimwa chujio likiwa tupu au safi, kwa hiyo tarajia pungufu. Ndani yake, maji yakutane kwanza na sponji yenye vitundu vikubwa, kisha laini, kisha vipande vya kauri ambamo bakteria hukaa. Mkaa maalumu unaouzwa pamoja na machujio hauhitajiki siku zote. Huchoka baada ya wiki chache, na ukiwa unatibu samaki huinyonya dawa. Na pale maelekezo yanaposema tupa sponji kila mwezi ununue mpya, usiyafuate. Ukitupa sponji umetupa bakteria wote, na tangi linarudi siku ya kwanza huku samaki wakiwa ndani.

Adui mwingine wa bakteria anatoka bombani. Klorini inawekwa kwenye maji ya mjini ili iue vijidudu, nayo haichagui. Maji yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, hasa yakitiwa mapovu ya pampu, klorini hutoka. Lakini pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, kusubiri hakusaidii, na itabidi utumie dawa ya matone yenye sodiamu thiosulfati, ambayo kwa kweli inafaa kuwa nayo kwa vyovyote vile.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda wengi, nayo ni subira. Chujio jipya ni nyumba tupu. Bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kujaa, na hawatajaa bila chakula. Washa chujio, weka maji katika nyuzi joto 25 hadi 28, kisha dondosha chakula kidogo cha samaki kila siku kiozee humo, au tumia amonia isiyo na sabuni wala manukato. Pwani, joto hilo mara nyingi lipo bila hita. Nairobi au Arusha hita ni lazima. Ukiyapima maji kwa kipimo cha matone, utaona amonia inapanda, kisha inashuka wakati nitriti inapanda, kisha nitriti nayo inashuka na nitrati inajitokeza. Siku utakayotia amonia ya miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi liko tayari.

Kuna njia ya mkato ambayo ni ya kweli. Mtafute mtu mwenye tangi lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake ya zamani, au akukamulie uchafu wa sponji hiyo kwenye chupa ya maji ya tangi lake. Uubebe ukiwa na unyevu, ufike nyumbani siku hiyo hiyo, na uukamulie juu ya sponji yako. Wiki zinapungua sana. Ni zawadi bora kuliko samaki, na mfugaji anayekunyima sijamwona bado.

Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Samaki wa mapambo wanaosifiwa duniani wanatoka kwetu: wale wa miambani katika Ziwa Nyasa, wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na Pundamilia nyererei wa Ziwa Viktoria, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Wengi wao wanataka maji yenye pH ya juu, yaani yasiyo na ukali wa asidi, na hapo amonia huwa kali zaidi. Katika nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 ni karibu asilimia 5. Ikiwa 9 inapita theluthi moja. Kosa dogo ambalo samaki aitwaye gapi angelistahimili katika maji ya kawaida linaweza kumuua samaki wa Tanganyika kwa siku moja. Anayetaka kuwafuga ahakikishe chujio limekomaa kweli, si kwa kukisia.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Ingiza samaki wachache kwanza, maana bakteria huongezeka kufuata chakula, na kundi kubwa kwa mpigo hulizidi chujio. Mkondo ukipungua, ikamue sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyachota tangini, na uirudishe ikiwa bado ina rangi ya udongo. Usiioshe bombani, usitie sabuni, usiianike juani. Usisafishe sponji na changarawe siku moja.

Na kama fedha yako inatosha kununua samaki wawili au kipimo cha amonia na nitriti, nunua kipimo, uache samaki dukani hadi mwezi ujao.