KUTOKA UTINGO HADI USUKANI

Kila usiku wa Mungu malori hutoka Kilindini, yakapita Changamwe na Miritini, yakashika njia ya bara: kichwa mbele, trela nyuma, na kontena juu yake. Sisi tukaao mjini tumezoea kulalamikia foleni na moshi wake. Tukimkumbuka aliyemo ndani, aghalabu twamkumbuka dereva peke yake. Lakini kwa miaka mingi mle ndani walikuwa wawili: kuliani mwenye usukani, na kushotoni kijana ambaye hakuna aliyemwuliza jina lake, akiitwa utingo na mwenye kupenda, na taniboi na mwenye kupenda. Huyu wa kushoto ndiye nitakaye tumzungumze leo, ndugu msomaji, kwani kiti chake ndicho kilichokuwa mlango wa kazi hii, na mlango huo sasa wazidi kufungwa.

Kazi yenyewe si ndogo. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Kufika Malaba ni zaidi ya 900, na mwenye mzigo wa Kampala hupita 1,100. Gari la kawaida la safari hiyo lina magurudumu 22: kumi ya kichwa na kumi na mawili ya trela. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu gari kubwa kabisa lifikie jumla ya tani 56, pamoja na mzigo wake. Mtu hakabidhiwi chombo kama hicho kwa kuwa tu ana leseni mfukoni. Basi alijifunza wapi?

CHUO KISICHO NA UBAO

Wazee wetu wa pwani hawakuona ajabu mtu kujifunza kazi kwa kumfuata aijuaye. Mtoto alipelekwa chuoni akaanza na alifu, akakaa na alifu hata ikamkaa, wala mwalimu hakumrukisha kwenda kwenye juzuu asiyoiweza. Jahazini kadhalika. Hakuna nahodha aliyeanza na usukani. Kwanza alikumba maji, akapika, akavuta henza, akapigwa na jua na mvua, hata siku moja nahodha mwenyewe akamwambia, "Hebu shika."

Utingo naye alipita njia hiyo hiyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga turubali na kamba, na kufuli nne zinazoshika pembe za kontena. Kisha akafundishwa kugonga magurudumu kwa nyundo, mojamoja, akisikiliza sauti, kwani gurudumu lililopungua upepo halilii kama lililojaa. Alibadilisha gurudumu usiku katikati ya pori la Taru. Alitia mawe chini ya magurudumu gari lilipokwama mlimani. Aliteremka kumwongoza dereva aliporudi nyuma, na hapo ndipo alipoifahamu siri ya trela: ukitaka mkia wake uende kushoto, usukani huanza kuzungushwa kulia. Wengi huelezwa jambo hilo mara kumi wasilishike, hata walione kwa macho yao mara mia.

Baada ya hayo ndipo aliporuhusiwa kulisogeza gari ndani ya uwanja wa kampuni, hatua chache mbele, hatua chache nyuma. Miaka ikapita, leseni ikapatikana, na siku moja akahama kiti.

Sisemi kwamba chuo hicho hakikuwa na aibu zake. Utingo wengi hawakuwa na mkataba wala bima. Posho yao ilitoka mfukoni mwa dereva, na dereva akikasirika ilibaki huko huko. Wako waliopewa usukani usiku wa manane bila leseni, kwa sababu mwenye gari amezidiwa na usingizi. Na mwanafunzi hurithi mema ya mwalimu wake na maovu yake kwa pamoja. Hayo yalifaa kusahihishwa. Lakini kusahihisha chuo ni jambo moja, na kukivunja ni jingine.

KUSIMAMA KABLA YA KWENDA

Mwulize dereva mkongwe ni lipi somo la kwanza, hatakwambia ni kwenda. Atakwambia ni kusimama. Breki za lori kubwa si kama za gari dogo zitumiazo mafuta. Hizi hutumia upepo, ambao hushindiliwa na mashine ukawekwa katika matangi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba akiwasha gari asing'oe nanga mpaka kipimo cha upepo kionyeshe kuwa matangi yamejaa. Hufundishwa pia kuyatoa maji yakusanyikayo ndani ya matangi hayo, na kwamba upepo ukipungua mno, springi huyashika magurudumu yenyewe na gari halendi tena.

Somo la pili ni mteremko. Anayejua hupunguza gia akiwa bado juu, kabla gari halijaanza kuvutwa na uzito wake, akaiacha injini ilizuie, na breki akaigusa kwa kipimo. Asiyejua hushuka na gia kubwa huku mguu umelalia breki tangu kileleni. Breki hushika moto, na zikishika moto hukanyagwa zisifanye kitu. Wa tatu ndiye mbaya zaidi, kwani yeye anajua. Huyu hutoa gia kabisa akaliacha gari lijiteremkie, ili apunguze matumizi ya dizeli.

Mteremko ushukao kutoka Sachangwan hadi Salgaa, katika barabara ya Eldoret na Nakuru, wajulikana nchi nzima kwa msiba. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa katika njia hiyo hiyo, basi na lori yaligongana wakafa watu 36. Kila ajali ina sababu zake, nami si hakimu wa hizo. Lakini mwanafunzi apitishwaye hapo mara ya kwanza akiwa na mwalimu kando yake, akaambiwa "tia gia ndogo sasa, si kule mbele," hupata elimu ambayo karatasi ya mtihani haiwezi kumpa.

AMANA

Kwa nini mtu aliyefundishwa atoe gia mteremkoni? Hapa ndipo ufundi unapoisha na tabia inapoanza. Dizeli iliyobaki huuzwa njiani kwa madumu, na fedha zake haziandikwi popote. Kijana aliyekaa kushoto huyaona yote hayo. Ama atajifunza kwamba huo ndio ujanja wa kazi, ama atampata mwalimu amwambiaye kwamba mafuta ni ya tajiri, mzigo ni wa mwenyewe, na roho za watu walio barabarani ni za Mola wao.

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura An-Nisaa turudishe amana kwa wenyewe. Siku hizi kampuni kubwa hulifuata gari kwa setilaiti, na mzigo upitao kwenda nchi jirani hutiwa kufuli ya elektroniki ya KRA, ikafunguliwa njiani watu wa ushuru wakajua. Vyombo hivyo vina faida kubwa. Lakini setilaiti haikuona moyoni. Huonyesha gari liko wapi na laenda mbio gani. Haiwezi kumfundisha mtu kuona haya.

Hata kutawakali kuna kanuni yake. Yule bwana aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Dereva asomaye dua ya kupanda chombo na hali hajakagua breki zake, huyo ngamia wake hajamfunga.

HAKI YA MWILI

Adui mkubwa wa njia ile si shimo wala askari wa mizani ya Mariakani. Ni usingizi. Sheria ya barabara ya Kenya humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Kanuni zilizoletwa na marehemu John Michuki mwaka 2003, alipokuwa waziri wa uchukuzi, ziliyawekea magari ya biashara kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe: hata barabara ikiwa nyeupe, Malaba haifikiwi kwa siku moja na mtu afuataye sheria. Lakini wako mabwana wanaopanga safari kana kwamba dereva naye ni injini, na wako madereva wakubalio kwa sababu posho huhesabiwa kwa safari.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Na katika jambo hili dini yetu imempa msafiri nafasi ambayo kijana anayeanza hufaa kuijua mapema. Adhuhuri, alasiri na isha hupunguzwa zikawa rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu na alfajiri mbili. Adhuhuri huweza kuchanganywa na alasiri, na magharibi na isha. Basi vituo viwili vitatu kwa siku vyamtosha, na kila kituo ni pumziko la macho na miguu. Pale Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya njia, hadi leo wasafiri husimama, na si Waislamu peke yao. Asimamaye hapo nusu saa hajapoteza nusu saa. Nami namwusia aanzaye:

Dereva mwana wa chuo, gari ni amana yako,
Ukipokea funguo, fahamu deni li kwako,
Macho yakitaka tuo, lala, pumzika uliko,
Mali hulipwa kwa mali, roho hailipwi kamwe.

KITI KITUPU

Sasa tuje kwenye donda lenyewe. Kijana wa leo akienda katika kampuni kubwa kuomba kazi, huulizwa leseni ya daraja la CE, ambayo ndiyo ya lori lenye trela. Cheti cha tabia njema cha polisi. Na barua ya uzoefu wa miaka kadhaa. Hayo mawili ya mwanzo hupatikana kwa jasho na fedha. La tatu ndilo fumbo. Uzoefu atautoa wapi? Zamani aliuchuma kushotoni, kidogo kidogo. Leo baadhi ya kampuni hizo hizo zimemwondoa utingo, dereva huenda peke yake, na kiti cha kushoto kimebaki cha kuwekea koti. Mlango umefungwa, kisha aliye nje aulizwa mbona hajaingia.

Juu ya hayo kukaja reli. Treni za mizigo za reli mpya zilianza kazi Januari 2018, na mwaka 2019 serikali ikaamuru mizigo ya bandari ipelekwe bara kwa treni. Mombasa ikaandamana. Malori yalilala, na gari likilala wa kwanza kurudishwa nyumbani ni mwanafunzi. Mnamo Septemba 2022 serikali mpya ilirudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa, na malori yakapata pumzi. Lakini vijana waliopotezewa miaka ile hawakurudishiwa.

Kwa hivyo nasema na watu watatu. Wa kwanza ni wenye kampuni. Rudisheni kile kiti, lakini safari hii kiwe na heshima yake: mwanafunzi awe na mkataba, bima na mshahara unaojulikana; aandamane na dereva mkongwe kwa safari zinazohesabika; kila safari iandikwe, kilomita na miteremko; na dereva afundishaye alipwe kwa kufundisha kwake. Lori moja likipinduka, hasara yake yaweza kuwalipa wanafunzi wengi.

Wa pili ni sisi wazazi na wazee wa mitaa. Tukiambiwa mtoto yuko kwenye malori, twashika kifua kana kwamba amepotea. Kisha kijana huyo huyo akikosa ada ya kusomea leseni, hatuna kitu. Lakini arusi ya jirani ikija twachangishana mpaka usiku. Mtaa unaoweza kulisha biriani watu mia tano waweza kuwasomesha madereva wawili kwa mwaka.

Wa tatu ni kijana mwenyewe. Usione haya kuanza chini, wala usiukimbilie usukani. Mpate mwalimu mwenye kusimama vituoni, mwenye kugonga magurudumu kila asubuhi, mwenye kurudisha mafuta yalivyo. Ukimpata, mwoshee vioo, mpikie chai, mwulize, usichoke. Siku atakayokwambia "hebu shika," gari litakuwa limesimama, na kipimo cha upepo kitakuwa mbele yako. Kitazame kwanza.