Kizazi Kipya cha Kadi za Michoro Hufika Lini Kweli?

Kila baada ya miaka miwili hivi kampuni ya Nvidia ya Marekani hutangaza ukoo mpya wa kadi za michoro, na hapo hapo wapenzi wa gemu huanza kuulizana: zitaingia lini kwenye kompyuta mpakato? Swali hilo lina uzito wa fedha. Mwaka 2025 Nvidia yenyewe ilitaja dola 2,899 kuwa bei ya kuanzia ya mpakato zenye kadi ya RTX 5090, na fedha hizo zikishatoka hazirudi, kwa sababu kadi ya mpakato kwa kawaida imechomelewa kwenye bodi kuu na haibadilishwi. Anayetaka kununua ana haki ya kujua kama asubiri au asisubiri. Jibu la kalenda lipo, na ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba kalenda hiyo inahusu ujio wa jina tu. Uwezo wenyewe una kalenda nyingine, nayo hupangwa katika viwanda vya chipu.

Tuanze na ile ya jina. RTX 2080 ya kompyuta za mezani iliingia madukani Septemba 2018, na mpakato zenye kadi za ukoo huo zikafuata mwishoni mwa Januari 2019. RTX 3080 ilitoka Septemba 2020. Mpakato zake Januari 2021. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022. Mpakato zake Februari 2023. Mara tatu mfululizo, pengo la miezi minne hivi. Mwaka 2025 utaratibu ulisogea kidogo: kadi za mezani na za mpakato zilitangazwa siku moja, tarehe 6 Januari, katika maonyesho ya CES mjini Las Vegas, lakini za mezani zikaanza kuuzwa tarehe 30 ya mwezi huo huo, ilhali mpakato zilingoja hadi Machi ikielekea mwisho. Ukipima kutoka mpakato hadi mpakato, umbali hauchezi sana: Januari 2019, Januari 2021, Februari 2023, Machi 2025. Kwa mwendo huo peke yake, anayekisia kwamba ukoo unaofuata utaingia kwenye mpakato mwaka 2027 anakisia kwa msingi.

Kuna wanaosema pengo hilo ni hila ya kibiashara, kwamba kampuni hutaka kwanza kuwakamua wenye kompyuta za mezani. Ushahidi hauelekei huko. Kadi ya mezani huuzwa peke yake, na mnunuzi ndiye anayeichomeka na kuitafutia umeme na hewa. Mpakato ni mashine nzima. Asus, MSI, Lenovo, Razer au Dell hulazimika kubuni upya bodi, mabomba ya kupoza na feni kwa ajili ya chipu mpya, na juu ya hayo kusubiri prosesa mpya za Intel na AMD, ambazo kwa kawaida hutangazwa Januari katika maonyesho yale yale ya Las Vegas. Chipu nazo huchaguliwa: zinazoweza kufanya kazi kwa volti ndogo ndizo zinazofaa kupelekwa kwenye mpakato. Tena historia ina mfano unaoonyesha kinachotokea joto lisipokuwa kikwazo. GTX 1080 ya mezani ilitoka Mei 2016, na kufikia katikati ya Agosti mwaka huo huo ilikwisha kutangazwa kwa mpakato, ikiwa na viini vya kukokotoa 2,560, sawa kabisa na ile ya mezani. Haikuhitaji kungoja Januari, wala haikupunguzwa.

Tangu hapo mambo yamebadilika, na hapa ndipo penye kiini cha suala lote. GTX 1080 ya mezani ilikula wati 180. RTX 3080 ilifika 320, RTX 4090 ikafika 450, na RTX 5090 inaruhusiwa hadi wati 575. Mpakato haikuweza kuufuata mwendo huo. RTX 5090 ya mpakato inakomea wati 175, na 25 kati ya hizo huazimwa kutoka kwenye prosesa pale inapokuwa na kazi ndogo. Umeme wote unaoingia kwenye chipu hutoka ukiwa joto, na joto hilo lazima litolewe na feni mbili au tatu nyembamba ndani ya kasha la unene wa sentimita mbili tatu. Betri nayo haisaidii. Mashirika ya ndege huruhusu abiria abebe betri isiyozidi saa-wati 100 bila kibali maalumu, ndiyo maana mpakato kubwa hukomea 99 na kitu. Kadi ikivuta wati 175, na prosesa na kioo vikidai vyao, betri hiyo isingemaliza hata nusu saa. Kwa hiyo mashine hujibana yenyewe ikiwa nje ya chaja. Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Muscat aongeze jambo moja: feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la hewa ya chumba, na chumba chenye nyuzi 32 huanza na hasara ambayo maabara yenye nyuzi 22 haina.

Kwa kuwa wati hazikuongezeka, jina ndilo lililonyooshwa. RTX 2080 ya mpakato ilikuwa bado na viini 2,944 sawa na ya mezani. RTX 3080 ikawa na 6,144 dhidi ya 8,704. RTX 4090 ikawa na 9,728 dhidi ya 16,384, na memori ya gigabaiti 16 dhidi ya 24. RTX 5090 ya mpakato ina viini 10,496, na ya mezani ina 21,760, zaidi ya mara mbili. Chipu iliyomo ndani ya mpakato hiyo ni ile inayotumika kwenye RTX 5080 ya mezani, na hata hiyo 5080 ina viini vingi zaidi, 10,752. Mnunuzi anayesoma namba 5090 kwenye kibandiko na kudhani amepata kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani amedhani vibaya, na sioni kwa nini alaumiwe yeye wakati namba ni ile ile. Nvidia ingeweza kurudisha ile herufi M iliyotofautisha kadi za mpakato kabla ya 2016. Ingekuwa haki kwa wanunuzi.

Basi kama wati zimefungwa, mpakato hupata nguvu zaidi kwa njia gani? Njia kubwa ni kutengeneza transista ndogo zaidi, zinazofanya kazi ile ile kwa umeme kidogo zaidi. Hilo hutokea kiwanda kinapobadilisha teknolojia. Mwaka 2016 Nvidia ilihama kutoka nanomita 28 kwenda 16 katika viwanda vya TSMC vya Taiwan, ndipo mpakato ikaweza kubeba GTX 1080 nzima. Ukoo wa 2018 ulitumia nanomita 12, ambazo kwa kweli zilikuwa zile 16 zilizoboreshwa. Ule wa 2020 ulitengenezwa na Samsung kwa nanomita 8. Mwaka 2022 Nvidia ilirudi TSMC kwa teknolojia iitwayo 4N, na mpakato za 2023 zikaruka mbali kwa wati zile zile. Halafu ukaja ukoo wa 2025 juu ya teknolojia hiyo hiyo ya 4N. Fundi akipewa kitambaa kile kile, vazi haliwezi kuwa kubwa sana kuliko la kwanza: kutoka 9,728 hadi 10,496 ni ongezeko la viini la asilimia 8 hivi. Jina lilipanda ngazi nzima, nguvu ghafi ikapanda kidogo.

Atakayepinga atasema kwamba viini si kila kitu, na kwamba kadi za 2025 zilileta DLSS 4, ambayo hutumia akili unde kubuni hadi fremu tatu kati ya kila fremu mbili zilizochorwa kweli. Hoja hiyo ina nguvu yake. Gemu linaloenda kwa fremu 60 linaweza kuonekana laini zaidi likifikishwa fremu 200 kwenye kioo. Lakini fremu zilizobuniwa hazisomi kidole cha mchezaji. Mwitiko wa gemu bado unategemea zile zilizochorwa, na gemu zito kiasi cha kuchora fremu 25 tu litabaki zito mkononi hata kioo kikionyesha 90. Isitoshe, sehemu ya DLSS 4 inayokuza picha kwa ubora zaidi inafanya kazi hata kwenye kadi za RTX za 2018. Ninachokubali bila ubishi ni memori: RTX 5090 ya mpakato ina gigabaiti 24 za GDDR7, na kwa anayehariri video au kuendesha modeli za akili unde kwenye mashine yake, hizo ni faida halisi.

Kwa kuwa nguvu ghafi hutegemea teknolojia ya kiwanda, anayesubiri kizazi kijacho afuatilie habari za viwanda kuliko za jukwaani. Foleni ya viwanda hivyo haiongozwi na wachezaji. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, Nvidia iliingiza dola bilioni 130.5; kati ya hizo bilioni 115.2 zilitoka kwenye vituo vya data, na gemu zikaleta bilioni 11 na kitu. Teknolojia mpya inapopatikana, vituo vya data vinaweza kuilipia zaidi. Vituo hivyo hivyo ndivyo vilivyosababisha bei za memori kupanda mwishoni mwa 2025, na memori ni sehemu ya bei ya kila mpakato. Katikati ya vipindi huweza pia kuja jina la kujazia pengo, kama RTX 2080 Super ya mpakato mwaka 2020 au RTX 3080 Ti mwaka 2022, ambalo huleta nyongeza bila kubadilisha msingi.

Kwa hiyo mwenye mpakato ya RTX 4080 au 4090 hana sababu ya kukimbilia mashine za 2025. Asubiri ukoo utakaotoka kwenye teknolojia mpya ya kiwanda. Aliye na kadi ya 2021 au ya kabla yake anaweza kununua sasa bila majuto, na mashine ya 2023 au 2024 iliyoshushwa bei itamfaa. Ila asinunue kwa jina peke yake. RTX 3080 ya mpakato iliruhusiwa kuuzwa popote kati ya wati 80 na 150, na RTX 4070 kati ya 35 na 115, kwa hiyo mashine mbili za mwaka mmoja na kadi ya jina moja zinaweza kuachana sana. Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe, fungua paneli ya Nvidia upande wa taarifa za mfumo, na usome wati za juu zilizoandikwa hapo. Muuzaji akikataa kuiwasha, nenda duka jingine.