Tungule zako zinaumwa nini? Angalia kwanza, dawa baadaye

Sisi watu wa Pwani tuliohamia Nakuru tuna tabia moja. Tukipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hata kama upana wake ni wa mkeka, tunapanda tungule. Wenyeji wa huku wanaziita nyanya, neno ambalo kwetu ni la mamake mama, lakini mchuzi ni ule ule. Miche inashika, inatoa maua, halafu inakuja wiki moja ya mvua na majani yanaingia weusi. Hapo ndipo jamaa hunitumia picha ya jani kwa simu na kuuliza: nitie dawa gani?

Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kujua mmea unaumwa nini. Maradhi haya kwa mbali yanafanana, lakini moja linataka dawa, jengine linataka maji tu, na jengine halina dawa kabisa, na kila siku unayochelewa linahamia shina la pili. Nimeona watu wakinunua chupa ya dawa kwa bei inayoshinda tungule zote walizotarajia kuvuna, wakanyunyizia mmea uliokuwa na kiu. Kesho yake matunda yale yale yakakatwa kachumbari.

Nianze na ugonjwa mkubwa wa huku. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, asubuhi umande hukaa juu ya majani, na msimu wa mvua jua huweza kupotea siku nzima. Hali hiyo ndiyo inayopendwa na bakajani chelewa, kama ndugu zetu wa Tanzania wanavyoliita. Ndilo lililoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Viazi na tungule ni ukoo mmoja, na sisi tumezungukwa na viazi: Molo, Mau Narok, Njoro. Vijidudu vyake husafiri kwa upepo na mvua, kwa hivyo bustani yako inaweza kuwa safi na bado ikapata.

Kuutambua, toka asubuhi mapema kabla jua halijakausha umande. Utaona mabaka makubwa ya kijani kibichi kinachoelekea weusi, kama jani lililomwagiwa maji ya moto. Pindua jani utazame chini yake: pembeni mwa baka kuna utando mweupe mwembamba. Shina nalo hupata mabaka ya kahawia, na tunda hupata doa gumu la rangi hiyo hiyo. Ugonjwa huu haungoji. Bustani nzima inaweza kuisha ndani ya wiki moja au mbili.

Dawa za madini ya shaba husaidia kukinga majani mazima, lililokwishaungua halirudi. Kwa hivyo kata sehemu zilizoshikwa, zifunge kwenye mfuko au uzizike mbali, kisha ndipo unyunyizie yaliyobaki. Shina likishaingia mabaka kila mahali, ling'oe. Kwa bustani ya nyumbani, kinga bora naiona ni paa la nailoni juu ya tungule, pande zikiwa wazi upepo upite. Jani lisilolowa ni vigumu kuugua ugonjwa huu. Na ukimwagilia, mwaga maji kwenye udongo, si kichwani mwa mmea.

Kuna ndugu yake, bakajani mapema, ambaye watu humchanganya naye. Huyu huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, na doa lake lina duara ndani ya duara, huku jani likiwa manjano kando yake. Ana mwendo wa pole. Chuma majani hayo, tandaza nyasi kavu juu ya udongo matone ya mvua yasiurushe juu, na mara nyingi utavuna bila shida.

Sasa tuje kwenye kunyauka. Mmea ukilegea mchana na kusimama tena jioni, pengine ni jua na kiu. Ukilegea ghafla ukiwa bado kijani, na siku ya pili hausimami ingawa udongo una maji, shuku mnyauko wa bakteria. Jaribio lake halina gharama. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha iguse maji, usitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndiyo hiyo. Hakuna dawa ya kuponya. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, usitupe kwenye mboji, osha jembe, na hapo usipande tungule, viazi, bilingani wala pilipili kwa miaka kadhaa. Panda mahindi, vitunguu au sukuma wiki.

Mlioko Kilifi na Kwale, kwenye mchanga na joto, mmea ukidumaa ung'oe mmoja utazame mizizi. Ikiwa na mafundo kama shanga, hao ni minyoo wa udongoni, na dawa ya majani haiwafikii.

Tunda likioza kitako kwa doa jeusi lililobonyea, huo hata si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa, na mara nyingi si kwamba udongo hauna. Ni maji yanayokuja kwa kushtukiza. Udongo wa Nakuru una asili ya majivu ya volkano, ni mwepesi na hukauka upesi, na mtaani kwetu mfereji una zamu zake. Maji kidogo kwa mpangilio yanashinda ndoo tatu za Jumamosi.

Na ukiona jani lina michirizi mipana inayopitisha mwanga, ndani yake vidoti vyeusi, na tunda limetobolewa karibu na kikonyo, huyo ni kiwavi wa Tuta absoluta, aliyetokea Amerika Kusini na kuingia Kenya mwaka 2014. Tanzania wamempa jina la Kantangaze. Bustanini mwa nyumbani, vidole ndiyo silaha ya kwanza: chuma majani hayo kila siku mbili, yachome.

Ikibidi dawa, nunua chupa iliyofungwa yenye kibali cha Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Kwenye karatasi yake pameandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ziandike kwenye kalenda ya jikoni, na zilizokwishaiva zichume kabla hujanyunyiza.