Kati ya Kusaidiana na Kufanyiana

Saa nne usiku, kazi inatakiwa kuwasilishwa saa sita kamili, na simu inaingiza ujumbe: "Kaka, nirushie tu ya kwako nione ulivyoanza. Sikopi, wallahi." Karibu kila aliyesoma kozi ya chuo kikuu mtandaoni ameupokea ujumbe wa namna hii, au ameuandika yeye mwenyewe. Anayeuandika mara nyingi ni mtu mzima mwenye kazi, mwalimu wa sekondari au muuguzi wa zamu, aliyefika nyumbani amechoka akakuta umeme umekatika. Anayeupokea naye amelelewa kwamba mwenzako akikuomba, unampa. Faili linarushwa. Wiki tatu baadaye wote wawili wanapata barua ileile ya kuitwa mbele ya kamati.

Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa masafa kwa miaka mingi, na ninaamini wengi wanaopata barua hizo hawakukaa chini wakapanga kudanganya. Hawakuuona mpaka uliopo kati ya kusaidiana na kufanyiana. Kanuni za maadili ya kitaaluma, zile kurasa ndefu ambazo mwanafunzi hubofya "nimesoma na nimekubali" huku hajasoma hata aya moja, zimeandikwa hasa kwa ajili ya kuuchora mpaka huo.

Zamani kuta za chumba cha mtihani ndizo zilizoulinda. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Mwanafunzi alisoma akiwa mbali, lakini mtihani aliufanyia kituo cha mkoa, kitambulisho juu ya meza, msimamizi akipita kati ya madawati. Aliyetaka kupiga chabo alijua nani anamtazama. Mwenye vikaratasi mfukoni, ambavyo wanafunzi wa Kenya huviita mwakenya, alijua kwamba akikamatwa navyo hana la kusema. Sasa masomo, kazi na mara nyingi hata mtihani vimehamia kwenye skrini. Mwaka 2023 Kenya nayo ilizindua Chuo Kikuu Huria chake, makao yake Konza, kikiwa cha mtandaoni tangu mwanzo. Msimamizi hayumo chumbani mwako. Kilichobaki ni jina lako juu ya ukurasa, na jina hilo linamwambia mwalimu neno moja: aliyeyafikiri haya ni mimi.

Tuanze na kusaidiana. Wanafunzi wetu wana desturi nzuri ya diskasheni: watu watano wanakaa chini ya mwembe, au siku hizi kwenye kikundi cha WhatsApp, wanalichambua swali mpaka linalainika. Kanuni haziikatazi, na mimi huwasihi wanafunzi wangu wasiiache, kwa kuwa anayesoma peke yake kijijini huchoka mapema. Kinachokatazwa ni diskasheni kuishia kwenye faili moja linalozunguka. Mwenzako akikueleza kwa mdomo kwa nini bei ya mahindi hupanda kabla ya mavuno, amekusaidia. Akikutumia aya aliyoiandika kuhusu bei hiyo, amekufanyia, hata kama utabadilisha maneno manane. Zungumzeni, kisha kila mmoja aende akaandike kivyake, bila maandishi ya mwenzake mbele ya macho. Kazi mbili zilizotokana na mazungumzo mamoja hufanana hoja, lakini sentensi zake hutofautiana. Faili likizunguka, hata makosa ya tahajia hufanana.

Ndiyo maana aliyetoa huitwa pamoja na aliyepokea. Jambo hili huwauma sana watu, na ninawaelewa. "Mwalimu, mimi nimemsaidia tu mwenzangu, kazi ni yangu!" Lakini anayesahihisha ana kurasa mbili zinazolingana mbele yake, na hana namna ya kujua nani alitangulia. Kanuni za vyuo vingi zinalitaja kosa la kuwezesha udanganyifu waziwazi, tena kwa uzito uleule.

Kuna kufanyiana kwingine ambako mhusika hajui kabisa kuwa ni kosa: tafsiri. Mwanafunzi anachukua kurasa mbili za Kiingereza, anazigeuza kuwa Kiswahili safi kwa jasho lake, halafu anaziweka kwenye tasnifu bila kumtaja aliyeziandika. Anaona amefanya kazi, na kweli amefanya kazi ya mtafsiri. Fikra bado ni za mtu mwingine, na asipotajwa ni wizi wa maandishi sawa na kunakili neno kwa neno. Hali ni hiyohiyo kwa kuwasilisha kazi moja katika kozi mbili bila ruhusa. Watu hushangaa: nitajiibia vipi mwenyewe? Kosa liko katika kuomba alama mara mbili kwa kazi uliyoifanya mara moja.

Hapa ndipo huingia programu za kulinganisha maandishi, maarufu zaidi ikiwa Turnitin, iliyoanzia California mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi huiogopa asilimia yake kama kipimo cha homa. "Nimepata 22, niko salama?" Asilimia ile inapima kufanana, basi. Programu inayalinganisha maneno yako na hazina yake ya kurasa za mtandao, majarida na kazi za wanafunzi waliotangulia, kisha inapaka rangi panapolingana. Orodha ya marejeleo italingana, kwa sababu vitabu vina majina yaleyale. Nukuu uliyoifungia alama na kuitajia chanzo italingana, na ni halali. Kazi ya sheria iliyonukuu vifungu vingi inaweza kufika 30 bila doa, na kazi yenye 8 tu ikawa na aya nzima iliyoibwa, tena ile yenye hoja kuu. Mwalimu makini husoma palipopakwa rangi kabla ya kuitazama namba. Anayehangaika kubadilisha maneno hapa na pale ili namba ishuke anaipoteza saa ambayo ingemtosha kuandika marejeleo yake vizuri.

Kuhusu akaunti nitasema kwa kifupi. Nywila ya kozi haiazimwi, hata kwa binamu anayetaka "kukubonyezea tu maswali mepesi". Na mtu mmoja hafungui akaunti mbili. Watafiti wa MIT na Harvard walichunguza kozi 115 za wazi za mtandaoni, wakakuta mbinu ya kufungua akaunti ya pili ili kuvuna majibu sahihi, kisha kuyajaza kwenye akaunti ya kwanza. Vyeti zaidi ya 1,000 vilionekana kupatikana hivyo. Dakika na sekunde ndizo zilizowaumbua: jibu lilionekana kwenye akaunti moja na muda mfupi tu baadaye likajazwa kwenye nyingine, swali baada ya swali. Mfumo wa kozi hukumbuka kila mbofyo.

Kuna kufanyiwa kwa kulipia, na hili linatugusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Nairobi imejulikana duniani kwa vijana wanaoandika insha na hata tasnifu kwa malipo, kwa niaba ya wanafunzi wa Marekani, Uingereza na kwingineko. Filamu ya hali halisi ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inamfuata profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, Patricia Kingori, akiwatafuta waandishi hao. Inaniuma kwa sababu ni watu wenye uwezo: wanasoma somo wasilolijua Jumatatu na kulifikisha kiwango cha chuo kikuu Jumatano. Wengi ni wahitimu waliokosa ajira. Elimu yao inazaa shahada zenye majina ya watu wengine.

Nchi za wanunuzi zimeanza kuwabana wauzaji. Australia ilitunga sheria mwaka 2020, na kwa England Sheria ya Ujuzi na Elimu ya mwaka 2022 imeharamisha kutoa na kutangaza huduma hizo. Sheria hizo zinamlenga mfanyabiashara. Mwanafunzi anaachiwa chuo chake. Anayefikiria kununua ajue pia kwamba muuzaji anabaki na jina lake, namba yake ya simu na ushahidi wa malipo. Imeshatokea mnunuzi kurudiwa na kudaiwa pesa zaidi, la sivyo chuo chake kiambiwe. Atamshtakia nani?

Akili mnemba imeuleta mkono wa kufanyiwa mpaka mezani, bure, tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022. Vyuo havina kauli moja. Kozi hii inaruhusu uitumie kutafuta mawazo, ile inaikataza kabisa, nyingine inairuhusu kwa sharti kwamba utamke ulivyoitumia. Kwa hiyo soma maelekezo ya kozi yako, na yakiwa kimya muulize mwalimu kwa maandishi kabla hujaanza. Tena kuna hatari isiyohusu adhabu. Programu hizi hubuni vyanzo: jina la mwandishi linasikika la kweli, mwaka upo, kurasa zipo, kitabu hakipo. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani mashauri yaliyobuniwa na ChatGPT. Kama mawakili wameingia mkenge huo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiweke rejea ambayo hajaifungua kwa mkono wake.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na huku niko upande wa wanafunzi. Programu zinazodai kuitambua kazi ya mashine hukosea. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT wenyewe, walitoa kitambuzi chao Januari 2023 wakakiondoa Julai mwaka huohuo kwa usahihi wake mdogo. Watafiti wa Stanford walivipima vitambuzi saba kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za binadamu zilihesabiwa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka. Vitambuzi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na anayeandika kwa lugha aliyojifunzia darasani huchagua maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka. Mwanafunzi wa Songea au Bukavu anayesoma kozi ya chuo cha ng'ambo anaweza kushukiwa kwa kuandika Kiingereza cha uangalifu! Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kitambuzi cha Turnitin Agosti 2023. Chuo kinachomhukumu mtu kwa namba ya kitambuzi peke yake kinamdhulumu.

Kinga yako ni kumbukumbu. Andika kwenye programu inayohifadhi historia ya mabadiliko, weka rasimu zote, picha za daftari, hata ile aya mbovu uliyoifuta. Aliyeandika mwenyewe huacha nyayo.

Mtihani wa nyumbani wenye kamera nao una kanuni zake: chumba kitupu, simu mbali, uso ndani ya fremu. Zifuate, na ujue pia haki zako. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi takriban asilimia 35 kwa wanawake weusi, na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Kwa hiyo kamera ikikwambia haioni uso wako ilhali taa inawaka, usijilaumu. Piga picha ya skrini na umwandikie mratibu papo hapo. Fanya vivyo hivyo umeme ukikatika. Ujumbe uliotumwa dakika ile ile una uzito ambao maelezo ya wiki ijayo hayana. Na picha za chumba chako ni taarifa binafsi: Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania ilitunga yake 2022. Huko Ohio, Marekani, mahakama ya shirikisho iliamua Agosti 2022 kwamba chuo cha umma kumtaka mwanafunzi azungushe kamera chumbani mwake kabla ya mtihani kulikuwa upekuzi uliovunja katiba. Uamuzi huo haufiki kwetu, ila unakuruhusu kuuliza: picha hizi zinakaa wapi, kwa muda gani, na nani anazitazama?

Barua ikija, usijibu usiku ule ule. Tafuta kanuni ulizozikubali siku ya kujisajili, ukisome kifungu kilichotajwa. Omba kuoneshwa ushahidi wote, pamoja na ile ripoti yenye rangi, na uliza kama unaruhusiwa kuingia na mtu wa kukusindikiza. Kwenye kikao watakuuliza kuhusu kazi yenyewe: kwa nini ulichagua mfano huu, neno hili lina maana gani hapa, takwimu hii uliitoa wapi. Aliyeandika mwenyewe huweza kujibu, hata kwa kigugumizi. Kama ulikosea, sema ulichokifanya na usimsukumie mwenzako. Nimeshuhudia adhabu ikipungua kutoka kusimamishwa masomo hadi kurudia kazi kwa sababu mwanafunzi alisema kweli mapema. Uamuzi ukitoka na hukuridhika, kuna rufaa. Siku zake huwa chache, kwa hiyo ukifungua barua ya uamuzi tafuta kwanza tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, uiandike mahali, ndipo uendelee kusoma yaliyobaki.