Chakula cha sherehe kifike cha moto, si vuguvugu

JUNI na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa hukiwahi chakula kabla ya wageni. Wali wa Kyela uliotoka motoni saa nne asubuhi hufika kwenye kipaimara au msibani saa saba mchana ukiwa vuguvugu. Wengi hulalamikia ladha, lakini hatari kubwa ni ya kiafya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kibaki kwenye joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa, na kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Kikiwa vuguvugu, bakteria huzaliana haraka.

Mfano ni bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayependa wali. Mbegu zake huweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, anaweza kutoa sumu inayomtapisha mlaji ndani ya saa chache. Sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya.

Wapo wanaodhani baridi ya Nyanda za Juu inalinda chakula. Ukweli ni kwamba sufuria kubwa hupoa pembeni, huku katikati ikibaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Ufanyeje basi? Kwanza, pika karibu na muda wa kuondoka. Mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, funika dakika kumi, mwaga, kisha pakua chakula moja kwa moja kutoka motoni. Jaza hadi juu, kwani hotpoti lililojaa nusu hupoa upesi. Usifungue njiani kuonja.

Asiye na hotpoti atumie kapu, hata lile la milulu linalosukwa Iringa. Tandika blanketi zito ndani, weka sufuria yenye mfuniko unaobana, kisha ifunike pande zote na juu bila kuacha mwanya.

Kumbuka, blanketi haliongezi joto, linazuia tu lililopo lisipotee. Ukifunga chakula ambacho tayari ni vuguvugu, unawatunzia bakteria joto wanalolipenda.

Kwa safari ya Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, ni busara kubeba mchele, maharage na viungo, mkapike huko huko.

Mkifika, maharage na mchuzi vichemshwe tena huku vikikorogwa, hadi vitokote hata katikati, kabla ya kupakua. Watoto wadogo, wajawazito na wazee ndio huumia zaidi chakula kikiharibika, hivyo wapakuliwe mapema, kingali cha moto.

Na wali uliokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, hata kama haunuki, usifungiwe wageni kwenda nao nyumbani kama kiporo.