Picha za Safari, Daftari la Hisia

Mtu arudipo safarini, simu yake huwa imejaa picha: Mlima Kilimanjaro alfajiri, stendi ya mabasi, machweo ya Forodhani. Kwa wengi hizo ni kumbukumbu tu. Kwa anayeishi na baipola, ugonjwa unaozipandisha hisia hadi msisimko uliopindukia na kuzishusha hadi sonona, zaweza pia kuwa daftari la afya ambalo hakukusudia kuliandika.

Simu huhifadhi tarehe na saa ya kila picha. Picha lukuki zilizopigwa saa tisa usiku, siku tatu mfululizo, zaeleza usingizi uliopotea. Kulala kidogo bila kuhisi uchovu ni miongoni mwa dalili za awali za msisimko huo, na safari ya ndege inayovuka majira ya saa huweza kuuchochea. Kinyume chake, siku kadhaa zisizo na picha hata moja, kwa mtu aliyezoea kupiga, zaweza kuwa ukimya wa sonona: wenzake wako ufukweni, yeye hawezi kuinuka kitandani.

Mwaka 2017, watafiti Andrew Reece na Christopher Danforth wa Marekani walichapisha uchambuzi wa picha 43,950 za watumiaji 166 wa Instagram. Picha za wenye historia ya sonona zilielekea kuwa za buluu, za kijivu na zenye giza zaidi. Hata hivyo, huo ni mwelekeo wa kundi. Ukungu wa Lushoto si dalili ya ugonjwa, wala tabasamu mbele ya kamera si ushahidi wa uzima.

Kwa hiyo picha hufungua mazungumzo, hazitoi hukumu. Mhudumu amwombe mgonjwa achague mwenyewe picha tatu au nne, kisha aulize: Siku hiyo ulilala saa ngapi? Ulitumia fedha kiasi gani? Dawa ulikunywa? Ni jambo gani halikuingia pichani? Asiyetaka kuzionyesha asishurutishwe, na zisinakiliwe bila ridhaa yake.

Mgonjwa anayefunga safari asiache dawa kwa sababu moyo umechangamka. Huenda uchangamfu huo ndio ugonjwa wenyewe. Anayetumia lithiamu anywe maji ya kutosha wakati wa joto, kwani upungufu wa maji mwilini huweza kuifanya dawa hiyo kuwa sumu. Usiku wa pili bila usingizi, au wazo la kujiua, havingoji mwisho wa safari: kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kukimbilia.