Rekodi za Jeshi Katika Kusaka Chanjo ya VVU

Jeshi la Marekani lilianza kuwapima VVU vijana wanaoomba kujiunga nalo mwaka 1985, na mwaka uliofuata likaunda mpango wake wa utafiti. Vitani askari humwongezea mwenzake damu papo hapo, kwa hiyo VVU viliwagusa wanajeshi moja kwa moja.

Mpango huo ndio ulioshirikiana na Thailand katika jaribio kubwa kuliko yote ya chanjo ya VVU. Kuanzia 2003, raia 16,402 wa mikoa ya Rayong na Chonburi walijitolea kuchomwa sindano. Moja ya chanjo mbili zilizounganishwa ilikuwa imekwisha kushindwa peke yake, na mwaka 2004 wanasayansi 22 walilipinga jaribio hilo hadharani katika jarida la Science. Matokeo yalitoka Septemba 2009: waliopata chanjo halisi waliambukizwa 51, waliochomwa sindano zisizo na chanjo 74. Kinga ya asilimia 31.2 haikutosha kwa chanjo kuanza kutolewa hospitalini, lakini hakuna jaribio jingine kubwa lililowahi kuonyesha kinga hata hiyo. Afrika Kusini walipoiboresha chanjo hiyo kwa ajili ya aina ya virusi vya kwao, jaribio lilisimamishwa Februari 2020: maambukizi 129 kwa 123, chanjo ikiwa upande wa 129.

Kwangu mimi, rekodi ya uvumilivu ni ya watu wa Kericho, Mbeya na Kampala, pamoja na wenzao wa Thailand, katika utafiti mwingine wa mpango huo. Zaidi ya watu 2,000 walio katika hatari kubwa, wengi wao huku kwetu Afrika Mashariki wakiwa wanawake, walikubali kutolewa damu kidogo mara mbili kila wiki ili virusi vinaswe vinapoingia tu. Ni wao waliotuonyesha kwamba virusi hufikia kilele takriban siku 13 baada ya kuonekana kwenye damu. Wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Kunasa virusi mapema kulifungua pia njia ya matibabu ya mapema sana, nayo yalifanyika Bangkok. Watu wanane waligunduliwa kabla mwili haujatengeneza kingamwili, wakaanzishiwa ARV mara moja. Baada ya zaidi ya miaka miwili wakaziacha chini ya uangalizi. Virusi vilirudi kwa wote, kwa wastani wa siku 26. Walirejeshewa dawa, vikadhibitiwa tena.